Kivuli cha Saa Sita

Watu wa Michenga walimjua Restituta kwa mikeka yake na kwa ulimi wake. Mikeka waliisifu. Ulimi waliuogopa, na wapo waliosema kwamba ndio uliomrudisha kwao kutoka Malinyi alikoolewa. Huo ni uongo mtupu. Kilichomrudisha ni mume aliyeleta mwanamke mwingine ndani ya nyumba, kisha akamtaka Restituta ahamishie kitanda chake jikoni. Restituta hakuhamia jikoni. Alimfunga binti yake Odilia mgongoni, akatia kisu cha kuchania ukindu kwenye kapu, akarudi kwa baba yake akiwa na hasira iliyomjaa hadi kooni.

Baba yake, Mzee Viktor, alikuwa na eneo kubwa kando ya barabara, na katikati yake palikuwa na mwinuko ambao maji ya mto hayakuufikia hata mwaka wa mafuriko. Juu ya mwinuko huo ulisimama mvule alioupanda mwenyewe akiwa kijana. Kwa desturi ya ukoo wao, ardhi ni ya watoto wa kiume. Binti huolewa akala kwa mumewe, na akirudi, hurudi kama mgeni. Mzee hakutaka kugombana na desturi, lakini hakutaka pia kumwona binti yake akiomba mahali pa kulala. Akatafuta upenyo. Ardhi haigawiwi binti, sawa, lakini mti ni mali ya aliyeupanda, naye anaweza kumpa amtakaye. Basi akawaita ndugu mchana, jua likiwa utosini, akasimama kwenye shina na kutamka:

"Mvule huu nampa Restituta. Na mahali kivuli chake kinapofika saa hizi za saa sita ni pake. Kivuli kikiwepo, asiondolewe na mtu."

Ndugu wakapiga makofi. Sylvanus, mdogo wake Restituta, ambaye wakati ule alikuwa ndio kwanza anaota ndevu, alipiga makofi kuliko wote. Hakuna aliyeona kasoro katika maneno yale, kwa sababu mvule ulikuwa umefunga kabisa juu, na kivuli chake cha mchana kilitosha nyumba, jiko, migomba na choo cha nyuma. Mzee Viktor aliyatamka kwa nia njema, akafa miaka michache baadaye akiamini kwamba ameweka kila kitu sawa. Hakuwaza kwamba mti nao huwa na mwaka wake mbaya.

Restituta akaishi pale, akawa Mama Odilia wa mvuleni. Kazi yake iliutaka ule mti kama jungu linavyotaka mafiga. Ukindu ukishaloweshwa ukawa laini, haupendi jua. Ukiusuka juani unakauka mkononi na kukatika, na mkeka unatoka na vinundu. Chini ya mvule aliweza kusuka kutwa nzima, na mikeka yake ikawa inaulizwa hadi Kiberege, ambako Odilia aliolewa alipokua. Sylvanus naye alioa, akapata watoto, akajenga nyumba yake ya udongo kule bondeni kwenye upande wake wa eneo. Kila alipopita alisimama na kusema, "Shikamoo dada," na dada akaitika. Walikuwa ndugu wa kawaida, wanaopeana moto na chumvi.

Halafu ukaja ukame.

Mvua za mwisho wa mwaka tisini na sita zilikuja kama mgeni aliyekosea nyumba. Zilichungulia, zikaondoka. Mpunga uliosiwa bondeni ukawa njano kabla haujafika magotini. Kisima cha Bi Anifa, jirani wa ng'ambo ya barabara mwenye duka la chumvi na mafuta ya taa, kikaanza kutoa tope. Mvule wenyewe hupukutisha majani kila kiangazi, hilo kila mtoto wa Michenga analijua, na mvua zikikaribia huvaa mapya. Mwaka ule pia ulivaa mapya, ukangoja mvua, na mvua haikuja. Mwezi Januari, wakati ambapo ungekuwa mweusi kwa majani, ukayaachia yote. Yalianguka yakiwa bado machanga.

Mvua kidogo ilinyesha baadaye, karibu na Pasaka. Miembe ya watu ikashtuka, mipera ikatoa majani. Mvule haukutoa kitu. Upande wa nyuma, unaoelekea kwa Sylvanus, matawi ya juu yalianza kukatika yenyewe, na gome likabanduka. Restituta akawa anasukia jikoni, kwenye moshi, na mikeka yake ikanuka moshi.

Mwezi wa sita, watu walipomaliza kuvuna kile kidogo kilichovunika, Sylvanus alikuja. Alisimama uani, mikono nyuma, akitazama ardhi.

"Dada, unaona kivuli hapa?"

"Naona mtu asiyejua kusalimia," akajibu Restituta kutoka jikoni.

"Shikamoo. Unaona kivuli hapa?"

Restituta akatoka nje. Alikuwa mwanamke mfupi, lakini akikasirika ungesema ameongezewa kimo.

"Sema ulichokuja kusema, Sylvanus."

"Baba alisema kivuli kikiwepo. Sasa hakipo. Mimi nina watoto, naishi bondeni kwenye matope, na mahali pazuri pamekaliwa na mti uliokufa. Nataka nijenge."

"Mti unaumwa. Wewe mtu akiumwa unagawana nguo zake?"

"Mti umekufa, dada."

Restituta alichukua kisu chake cha ukindu, akachuchumaa kwenye shina, akachana gome kidogo karibu na mzizi. Kulikuwa na kijani chini ya gome, na polepole utomvu mweupe ukachungulia.

"Haya, niambie," akasema. "Maiti gani hutoa maziwa?"

Sylvanus alitazama yale maziwa, akatazama juu kwenye matawi makavu, akaondoka kwenda kwa baba yao mdogo, Mzee Adolf.

Mzee Adolf ndiye aliyebaki mkubwa wa ukoo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mmoja wa wale watu wapole wanaopenda shauri liishe kabla ugali haujapoa, na watu wa namna hiyo hutenda dhuluma nyingi kuliko wakorofi, maana mkorofi angalau unamwona anavyokuja. Aliwakusanya wazee wenzake, wakakaa juani kwenye vigoda, chini ya mti usio na kivuli, wakajipangusa jasho. Restituta akawaonyesha lile kovu lenye utomvu uliokauka.

"Tumeona," akasema Mzee Adolf. "Lakini, Mama Odilia, marehemu hakutuambia maziwa. Alituambia kivuli. Na mimi nilikuwepo."

"Kwa hiyo mti ukiwa hai bila majani, kwenu umekufa?"

"Kwetu hauna kivuli," akasema mzee mwingine, na wenzake wakaona amesema neno la busara sana.

Hapo ndipo Restituta alipofanya kosa lake, na tusimfiche kwa sababu tunampenda. Hasira ilimpanda kichwani. Badala ya kuomba muda mrefu, alinyanyua mkono mbele ya wazee wote na kusema:

"Mvua ya kwanza tu! Ikinyesha mvua ya kwanza ya maana, mti huu usipotoa kivuli, chukueni mnachotaka!"

Wazee wakapokea haraka, kama mtu aliyepewa mzigo mwepesi. Wakaamua mti usiguswe na mtu yeyote mpaka mvua. Wakanyanyuka, wakaenda kula.

Restituta alidhani anaujua mti wake. Aliujua kweli, lakini aliujua ukiwa mzima. Mti uliopigwa na ukame haurudi kwa mvua moja. Mizizi ile midogo kama nywele, inayonyonya maji, inakuwa imekufa huko chini, na mti hauwezi kupandisha kitu mpaka iote mingine. Njia za kupitishia maji ndani ya mbao nazo zinakuwa zimeziba upande huu au ule. Akiba ya chakula imekwisha. Kwa hiyo mvua ikija, mti huanza kujitengeneza kule kusikoonekana na macho, na unene wa shina husimama pale pale mwaka mzima, wakati mwingine miwili. Hauna muda wa kuota majani ya kuwafurahisha wazee wa ukoo.

Mvua iliyokuja mwishoni mwa mwaka tisini na saba haikuwa ya kuchungulia. Redioni waliiita Elinino, na sisi tukaiita hivyo hivyo. Ilinyesha mchana, ikanyesha usiku. Nyasi zikapanda mpaka kwenye vizingiti. Kila kitu chenye mzizi kilikuwa kijani, na Restituta aliamka kila asubuhi akitazama juu shingo ikimuuma.

Mvule ukachipua. Ulichipua upande wa barabara tu, majani madogo, membamba, ya kuhesabika. Upande wa nyuma ulibaki mifupa.

Wazee walikuja mapema mwezi Desemba, kwa haraka, kwa sababu kila mtu alikuwa anafunga mizigo. Huku kwetu mvua zikianza, nyumba hufungwa na familia huhamia mbugani kwenye mashamba ya mpunga, kukaa kwenye dungu, kibanda cha juu ya nguzo, hadi mavuno. Hakuna aliyetaka shauri la mti limcheleweshe. Walingoja jua litoke kati ya mawingu saa sita, wakachukua kamba ya katani na vigingi, wakapima kivuli kile chembamba kama wanavyopima kaburi. Kigingi cha mwisho kilipigwa nyuma ya jiko. Choo kikabaki upande wa pili.

"Nusu ya mti, nusu ya mahali," akasema Mzee Adolf, akikung'uta mikono. "Hapo hakuna aliyeonewa."

Hakuna aliyeonewa! Mwanamke amekaa mahali miaka yote hiyo, baba yake alimpa mbele ya mashahidi, mti wake uko hai na unahangaika kupona, halafu wanakuja watu na kamba kumkata nusu kwa sababu jua lilikuwa kali. Ingekuwa ng'ombe wa Mzee Adolf amekonda kwa ukame, nani angethubutu kumwambia kwamba nusu yake si wake tena?

Restituta aliwauliza karibu hivyo hivyo.

"Baba mdogo, ukiumwa mguu mmoja tukuzike nusu?"

Wazee wakakohoa.

"Na choo changu? Nikitaka kwenda haja nimpigie Sylvanus hodi?"

Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha wengine wakacheka, na kile kicheko kilimuumiza Restituta kuliko kamba. Sylvanus hakucheka. Alikuwa anatazama vigingi vyake. Mzee Adolf akasema Mama Odilia ndiye aliyeweka sharti mwenyewe kwa kinywa chake, la mvua ya kwanza, na wao wamemhurumia kumwachia nusu. Restituta akawauliza jambo moja tu: neno la kwamba mti usiguswe bado lipo? Wakasema lipo.

Msimu ule wote alikaa kwenye dungu lake mbugani, maji yakipanda mpaka ngazi ya chini, akifukuza ndege na kutafuna hasira yake. Hakuweza kurudi kuutazama mti, maana njia zote zilikuwa mto. Alikuwa akisema peke yake, na wa madungu ya jirani walimsikia akimjibu Mzee Adolf majibu mazuri ambayo siku ile hayakumjia.

Aliporudi mwezi wa sita, mti ulikuwa vile vile alivyouacha. Mvua zote zile, mafuriko yale, na haukuwa umeongeza hata tawi. Watu wakaanza kumtania. "Mama Odilia, mti wako umelewa maji?" Hata yeye moyo ulianza kulegea, akamwendea Bi Anifa, ambaye tangu siku ya kamba alikuwa amempa ruhusa ya kutumia choo chake.

"Labda umekufa kweli upande ule," akasema. "Mvua ilikuja, Anifa. Ungekuwa hai ungeshasimama."

Bi Anifa alikuwa anapima chumvi. "Mimi nilipougua manjano nilikaa mwaka mzima siwezi kukuna nazi," akasema. "Nimepona, macho meupe, na nikikuna nazi mkono unatetemeka. Watu wananiambia, Bi Anifa, mbona ulishapona? Sasa wewe unataka mti upone haraka kuliko mimi?"

Restituta akaondoka pale ametulia kidogo. Utulivu haukudumu. Mwezi wa nane Sylvanus alifyatua matofali, akayapanga tanuri la kuyachomea, na alilipanga wapi? Ana eneo lote lile la bondeni, bado aliona pa kuliwasha moto ni hatua chache kutoka kwenye shina la mvule, upande ule ule mgonjwa, ambako mizizi imetambaa juu juu. Sijui kama alikusudia. Watu wengine wanasema alitaka tu matofali yawe karibu na msingi. Mimi nasema mtu mwenye macho anajua moto ni nini.

Restituta alikuwa anarudi kuchota maji ya kufulia alipoona gome linatoa moshi. Hakuita mtu, hakupiga kelele. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye mdomo wa tanuri, akamwaga ndoo nzima ndani. Mvuke ulipanda, majivu yakaruka, matofali yakalia na kupasuka.

"Dada una wazimu!" akapiga kelele Sylvanus, akikimbia kutoka kwenye msingi. "Matofali yangu!"

"Na mti wangu?" akauliza Restituta, ndoo mkononi. "Walisema usiguswe. Moto si kugusa?"

"Nimewasha kwangu! Ndani ya vigingi vyangu!"

"Mizizi inajua vigingi vyako?"

Majirani wakajaa. Mzee Adolf akaitwa, akakuta ndugu wawili wamejaa masizi, na kwa mara ya kwanza alikubali kwamba neno la mti usiguswe linakataza na kuuchoma. Tanuri likahamishwa bondeni. Lakini gome upande ule lilikuwa limeungua mstari mrefu, na Restituta alilipaka kinyesi cha ng'ombe na udongo kama mtu anavyopaka kidonda, huku akilia kwa hasira. Alikuwa hajalia tangu Malinyi.

Nyumba ya Sylvanus ikasimama kabla ya mvua. Ilikuwa nzuri, tusiseme uongo: matofali mekundu, bati jipya, baraza lenye saruji. Ilisimama chini kabisa ya matawi yale makavu, pale palipokuwa pa Restituta, na asubuhi bati lilimulika jua hadi ndani ya jiko lake. Konsolata, mke wa Sylvanus, aliona haya. Alikuwa akimsalimia wifi yake huku ameinamisha macho.

Watu wakahamia tena mbugani, wakarudi baada ya mavuno, mwezi wa sita mwaka tisini na tisa. Restituta alifika akiwa na gunia kichwani, na kabla hajalitua aliona kitu kilichomfanya asimame barabarani.

Upande wa nyuma ulikuwa na majani. Hayakutoka kwenye vitawi vya juu, vile vilikufa na kuanguka. Yalitoka kwenye matawi mazito yenyewe, yakapasua gome mahali ambapo hakuna mtu angedhani pana uhai, vichipukizi virefu vyenye majani mapana kama viganja, vimefungamana juu ya bati la Sylvanus mpaka bati halikumulika tena. Mti ulikuwa umechukua misimu yote hiyo kujishona ndani kwa ndani, na ulipokuwa tayari haukumuuliza mtu.

Lakini hilo halikuwa lote. Sylvanus mwenyewe, aliyetangulia kurudi, alikuwa ametoa kiti barazani, amekiweka uani kwake, amenyoosha miguu, anapunga upepo. Ilikuwa saa sita mchana. Amekaa kivulini, bwana mkubwa, amefumba macho kwa raha!

Restituta alicheka mpaka gunia likamwanguka. Kisha, bila kufungua hata mlango wake, akaenda kwa Mzee Adolf.

Wazee walipofika kesho yake walimkuta Sylvanus ameegemeza ngazi ukutani, yuko juu na panga. Alisema anaangalia bati. Mzee Adolf akamwambia ashuke aangalie bati siku nyingine.

Safari hii Restituta ndiye aliyeleta kamba. Aliitupa miguuni pa wazee.

"Pimeni."

Wazee wakatazamana. Kivuli kilikuwa kimelala juu ya nyumba yote, baraza, uani, hata kwenye banda la kuku la Konsolata.

"Mama Odilia," akaanza Mzee Adolf, "hapa sasa pana nyumba. Kuna watoto. Hebu tutazame utu."

"Utu!" Sauti ya Restituta ilisikika mpaka dukani kwa Bi Anifa, naye akafunga duka akaja. "Utu ulikuwa wapi siku ile? Mimi nilikuwa na nyumba hapa. Nilikuwa na jiko na choo. Mlipima kivuli cha mgonjwa, mkapima kwa kamba, mkanicheka. Hamkuniuliza habari ya utu. Mlisema marehemu alisema kivuli. Haya, kivuli hicho. Pimeni, au semeni mbele ya watu kwamba maneno ya baba yangu ni ya kuwakata wanawake tu!"

Hakuna aliyekohoa. Mzee Adolf aliiokota kamba, akaishika bila kuifungua. Alikuwa amezeeka sana miaka ile.

"Unataka abomoe?" akauliza.

Konsolata alikuwa mlangoni amemshika mtoto. Restituta alimtazama, akamgeukia ndugu yake.

"Kwanza aseme. Sylvanus, sema mti haujafa."

Sylvanus akanong'ona, "Mti haujafa."

"Waliokaa nyuma hawajasikia."

"Mti haujafa!"

"Vizuri. Sasa, sitaki nyumba yake. Mimi najua kufukuzwa kukoje, sitamfukuza mtoto. Vigingi ving'olewe, mahali pangu parudi pawe pangu pote, naye akae hapo kama aliyekaribishwa. Lakini akae kwa sharti lile lile mlilonikalisha mimi. Matawi haya ya upande wake yakikauka, anahama. Hakuna kuuliza nani ameyakausha."

Sylvanus akaruka. "Na kama ni jua? Ukija ukame mwingine je? Jua si kosa langu!"

Restituta alimsogelea mpaka wakawa karibu sana, akasema kwa sauti ya chini, ambayo watu wote waliisikia.

"Mimi nilihukumiwa kwa jua."

Mzee Adolf akatazama chini, na ninaamini ndiyo siku ya kwanza alipoelewa walichokuwa wamemfanyia. Akasema, "Na iwe hivyo." Akaanza kung'oa vigingi kwa mikono yake mwenyewe, na hakukumbuka chakula.

Kiangazi kilipokolea, mwezi wa kumi, mvule ukaanza kupukutisha majani kama kawaida yake ya miaka yote. Sylvanus anaijua kawaida hiyo, alizaliwa akiiona. Hata hivyo, jani la kwanza lilipogonga bati, alichukua ndoo. Watu wakamwona anavuka barabara kwenda kisimani kwa Bi Anifa, anarudi, anamwaga kwenye shina, anakwenda tena, jua likiwa utosini na shati limemganda mgongoni.

Bi Anifa alivuka kuja kukaa na Restituta, aliyekuwa anasuka.

"Si umwambie?" akasema. "Mti unapukutisha tu. Atajiua na ndoo."

"Anajua."

"Sasa mbona anabeba?"

"Anaogopa."

Bi Anifa alimtazama Sylvanus anavyopita na anavyoinama kuweka ndoo chini apumue. "Humwonei huruma, Mama Odilia? Ni mdogo wako."

Restituta aliubana ukindu kwa kidole gumba, akaukaza.

"Namwonea," akasema. "Mwaka ule wa ukame nilibeba maji hivyo hivyo, kila siku, tope lile la kisimani kwako, nikiumwagilia mti huu. Alikuwa anaketi pale barazani kwake bondeni ananitazama. Hakuja hata siku moja kunipokea ndoo."